Aliye Mbali Aanze Mapema: Tunamkumbuka Bi Biasha wa Mbuchi

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema neno, naomba msikilize sauti hii kidogo. Fundi mitambo, iachie.

Haya, inatosha.

Mmesikia? Hapo kuna tarumbeta, kuna ngoma, kuna filimbi, na mwenye masikio makali amesikia na fidla. Kila mmoja anakwenda na njia yake. Siku nilipoisikiliza rekodi hii nyumbani, mke wangu aliniuliza kama nilikuwa kwenye harusi ambayo watu wamegombana. Nikamwambia, hii ni okestra ya watoto wa Mbuchi. Akanyamaza kwa kunistahi tu.

Basi ishikeni kelele hiyo vichwani. Tutairudia.

Mimi ni Haidari, na kama ada yetu ya kila Ijumaa, tumekaa hapa kumkumbuka mtu. Leo ni Bi Biasha binti Mketo, wa Mbuchi, kule kwenye delta ya Rufiji. Ametutoka mwezi uliopita akiwa na miaka sitini na minane. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Bi Biasha binti Mketo, wa Mbuchi. Msukaji wa mikeka, mpiga fidla, na mama wa okestra ya watoto ambayo ukumbi wake ni shamba la mpunga. Na nawaambia mapema, leo hatulii. Mwenyewe alikuwa akiona mtu analia bila kazi mkononi, anampa ukili asuke.

Alizaliwa Mbuchi. Baba yake alivua, mama yake alilima mpunga. Shuleni aliingia vizuri, tena alikuwa mkali wa hesabu. Lakini aliacha darasa la tatu. Mtauliza, kwa nini? Karo? Ndoa? Hapana. Ndege.

Mliozaliwa mjini, nisikilizeni. Mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea wanashuka makundi kwa makundi. Shamba la mwaka mzima wanalimaliza asubuhi moja, na nguruwe wakija wanakuta mabua. Kwa hiyo familia inahamia shambani. Inajenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miguu mirefu ya miti, na mtoto anapandishwa huko na makopo na kombeo. Kuanzia alfajiri mpaka Magharibi anapiga kopo, anapiga kelele, anafukuza. Kazi hiyo inaitwa kuamia. Inachukua miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Na shule haimngojei mtu.

Bi Mwanawetu, mdogo wake marehemu, aliniambia hivi: "Kila tukirudi kutoka shamba tunakuta wenzetu wamefika kurasa za mbali. Dada akakimbizana nao mwaka wa kwanza. Akakimbizana mwaka wa pili. Mwaka wa tatu akasema, hawa miye siwakamati tena. Akaweka daftari, akashika ukili."

Mtoto wa miaka kumi, huyo. Alishindwa na ndege wanaotosha kiganjani.

Akakua, akaolewa. Mumewe aliitwa Ismaily, mpiga fidla kutoka upande wa Kilwa. Alikuja Mbuchi kupiga kwenye harusi ya siku mbili, akakaa miaka ishirini na tisa. Ndiye aliyemfundisha Biasha fidla. Bi Mwanawetu anasema siku za mwanzo dada yake alishika ule uta kama anayeparua samaki, na shemeji alikuwa anatoka nje anakwenda kucheka nyuma ya choo, asionekane. Lakini alifundishika. Mungu hakuwajaalia mtoto. Jioni walipiga wawili, yeye na mumewe, na majirani wakapata burudani ya bure.

Mwaka 2010 Ismaily akafariki. Aliacha fidla tatu, yake na mbili za wenzake waliotangulia. Biasha akazitundika ukutani, zikakaa miaka miwili zinakusanya vumbi. Watoto waliokuwa wanakuja barazani kuchezea majani ya ukindu ndio waliouliza, bibi, vile ni vitu gani? Akateremsha kimoja kuwaonyesha. Hakikurudi tena ukutani.

Akatokea Mwalimu Nasibu wa shule ya msingi. Stoo ya shule ilikuwa na tarumbeta mbili na ngoma tatu za bendi iliyokwisha kufa, na panya walishaanza kuzitolea macho zile ngoma. Mwalimu akazileta kwa Bi Biasha. Filimbi wakachonga wenyewe kwa mianzi. Wakapatikana watoto kumi na sita. Nasema tena, kumi na sita. Ni watoto wa wavuvi na wakulima, wengi wao viatu ni vya Iddi tu. Kila Alhamisi baada ya alasiri, barazani kwa Bi Biasha, mazoezi. Walijifunza wimbo mmoja, wimbo wa pole alioutunga marehemu Ismaily, usio na maneno.

Ikafika Aprili ya 2013. Alhamisi moja Bi Biasha akafagia baraza, akatandika mikeka, akakaa. Hakuja mtoto. Akadhani wamegombana. Akadhani labda yeye mwenyewe amemkaripia mmoja wao kupita kiasi. Akainuka kwenda kuuliza kwa jirani, na nusu ya njia akasikia makopo kutoka bondeni. Akasimama.

Nilimuuliza Bi Mwanawetu, je, alilia?

"Alie kwa lipi? Alikasirika. Ule ulikuwa ugomvi wake na ndege, na ulikuwa na miaka zaidi ya arobaini."

Kesho yake, wasikilizaji wapendwa, alfajiri, mwanamke huyu alizifunga fidla tatu ndani ya mkeka, akajitwika, akamwambia Mwalimu Nasibu amfuate na ngoma, akaingia bondeni. Akapita dungu kwa dungu, anagawa. Fidla akawapa walio katikati, kwa kuwa sauti yake ni ndogo. Filimbi akawapa wanaofuata. Ngoma na tarumbeta zikaenda mbali kabisa, mwisho wa bonde, mikoko inapoanzia.

Kwenye dungu la mwisho kuliko yote alikaa Warda, msichana wa miaka kumi na moja, mfupi, mwenye mapafu ya mtu mzima. Huyo akakabidhiwa tarumbeta. Ndege walishayazoea makopo, lakini tarumbeta hawakuwahi kuisikia. Warda alipopuliza mara ya kwanza, kundi zima lilipaa likaenda kutua upande wa pili wa mto, na nguo za baba yake zilizokuwa zimeanikwa juu ya dungu zikaanguka, maana na yeye alikuwa usingizini akashtuka akazipiga teke.

Baba yake aliitwa Swalehe. Bado anaitwa Swalehe, yupo, mtamsikia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bonde, mtu wa maneno machache, tena yote magumu. Alishuka kwenye dungu akamkabili Bi Biasha.

"Dada, ngoma ya watoto haikeshi."

Bi Biasha akamjibu, "Sina haja ikeshe, Swalehe. Nataka ianze alfajiri, ndege wanapoamka."

 Mzee akarudi dunguni kuokota nguo zake.

Sasa ikaja taabu. Ukiwa barazani wote mnasikizana. Ukiwa bondeni, dungu hadi dungu ni mwendo. Umewahi kumtazama mtu anayefua ng'ambo ya mto? Unaiona nguo inapiga jiwe, halafu ndipo pwaa inakufikia. Basi tarumbeta ya Warda ilikuwa hivyo hivyo. Bi Biasha alikaa dungu la katikati, na kila Warda alipopiga kwa wakati, sauti ilimfikia imechelewa. Ngoma nazo zimechelewa. Siku nne alizunguka na hilo. Siku ya tano akafunga kanga nyekundu kwenye mwanzi mrefu, akaweka sheria. Kanga ikianza kupanda, wa mwisho kabisa wanaanza. Ikifika juu, wa kati wanaanza. Ikishuka, walio karibu naye wanaanza. Sheria yenyewe watoto waliimba kama salamu: aliye mbali aanze mapema. Narudia, maana hili ndilo shina la habari yetu. Aliye mbali aanze mapema.

Na ikawa. Pale katikati ya bonde, kwenye dungu la Bi Biasha, sauti zote kumi na sita zilifika kwa pamoja.

Lakini lililomsumbua yeye halikuwa wimbo. Ilikuwa shule. Aliwaita watoto na Mwalimu Nasibu, akapanga zamu. Leo wanane wanaamia, wanane wako darasani. Kesho wanabadilishana. Anayebaki analinda shamba lake na la mwenzake, na anajifunza kupiga sehemu mbili, yake na ya mwenzake. Wazazi wakauliza, tutajuaje kama mtoto wa jirani analinda kwangu au amelala? Bi Biasha akawaambia, kopo likinyamaza hujui ni la nani. Tarumbeta ikinyamaza, bonde zima linajua ni Warda. Na ni kweli. Siku Warda aliposinzia, watu watatu walimpigia mbinja kutoka mashamba matatu.

Kwa mara ya kwanza watoto wa Mbuchi waliamia ndege na wakafanya mtihani wa muhula. Mwaka wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Mzee Swalehe hakupenda. Tuseme ukweli, alikuwa na hofu yake. Mpunga ukiliwa, familia inakula nini? Alimwona mtoto mmoja kwa mashamba mawili, akaona ni mchezo unaosubiri msiba. Mwaka 2015 ukaja mwaliko. Mwalimu Nasibu aliwaandikisha kwenye tamasha la muziki la shule, Kibiti. Mzee Swalehe akaitisha kikao cha bonde akasema neno lake.

"Watu wa Kibiti wakisema huu ni muziki, zamu iendelee. Wakisema ni kelele, basi kelele tunayo ya makopo, na makopo hayahitaji zamu. Kila mtoto atarudi kwenye dungu lake, kutwa, kama zamani."

Wazazi wote wakaitikia. Sasa mwaelewa Bi Biasha alipanda mashua kwenda Kibiti amebeba nini. Watoto walidhani wanakwenda kushindania kikombe. Yeye alijua ni daftari kumi na sita. Na Mzee Swalehe akapanda chombo kile kile, akakaa mbele, akavaa kofia yake ya Ijumaa ilhali ilikuwa Jumamosi. Alisema masikio ya kuazima hayataki.

Ukumbini mlijaa. Watoto wa shule nyingine wamevaa sare zilizopigwa pasi. Wetu wamevaa fulana za rangi sita tofauti. Wakapanda jukwaani, wakajipanga kama bondeni: fidla mbele, filimbi kati, ngoma na tarumbeta nyuma. Bi Biasha akasimama na kanga yake. Akaiinua.

Wasikilizaji wapendwa, niwaambie nini. Watoto hawa hawakuwahi kupiga wote kumi na sita chini ya paa moja tangu siku za baraza. Kanga ilipoanza kupanda, Warda akaanza. Ngoma zikafuata. Kanga ikafika juu, filimbi zikaingia. Ikashuka, fidla nazo. Bondeni huo ungekuwa wimbo. Lakini hapa Warda alikuwa hatua nne kutoka kwa mpiga fidla. Hakukuwa na masafa ya kuwapatanisha. Kila mtu alifika peke yake. Ilikuwa kelele kama ile mliyoisikia mwanzo wa kipindi.

Watu wakacheka. Kwanza kidogo kidogo, halafu wazi wazi. Mzee Swalehe alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Hakucheka. Alitikisa kichwa mara moja, akageuka kutoka.

Mwalimu Nasibu aliniambia kwamba alimtazama Bi Biasha usoni akaona ameelewa papo hapo kosa liko wapi. Miaka mitatu aliwafundisha kuifuata kanga, hakuwafundisha kukaa karibu.  Alimwona Warda ameteremsha tarumbeta, na akawaona wengine wote wanamtazama yeye awaambie cha kufanya. Aliogopa, jamani. Alikuwa ameshawahi kuliweka daftari chini na alijua linavyokuwa zito kuliinua tena.

Jaji mkuu, mama mmoja wa Dar es Salaam, akasema kwa upole, "Bibi, watoto wako hawaanzi pamoja."

Na hapa ndipo aliposema maneno ambayo Mbuchi nzima inayajua kwa moyo.

"Ni kweli, mwanangu. Hawaanzi pamoja. Wanafika pamoja. Ila hapa umewabana, hawana pa kutokea. Niruhusu niwatawanye."

Jaji akatazamana na wenzake. Akaruhusu, nadhani kwa huruma.

Basi ukumbi mzima ukatoka nje juani. Kulikuwa na uwanja wa mpira, na nyuma yake mikorosho, na nyuma ya mikorosho barabara. Bi Biasha akasimama katikati ya uwanja, akaanza kuwapungia. Nendeni. Nendeni tena. Fidla zikasimama kwenye duara la kati. Filimbi zikafika magolini. Ngoma zikapita magoli zikaingia chini ya mikorosho. Warda akatembea, akatembea, kila akigeuka anaona kanga inamwambia bado. Alisimama ng'ambo ya barabara, kando ya kibanda cha bodaboda, na madereva wakamuuliza, wewe mtoto umefukuzwa?

Bi Biasha akamwita jaji asimame ubavuni kwake. "Hapa hapa, mwanangu, usisogee." Akainua kanga.

Ng'ambo ya barabara, Warda akapuliza.

Wale waliosimama pembeni ya uwanja wakasikia fujo ile ile, wakaanza tena kucheka. Lakini jaji hakucheka. Jaji alishika miwani yake. Watu wakaona uso wa jaji, wakasogea wamsogelee, na kila waliposogea fujo ikapungua. Wakaanza kuvutana mikono, njoo huku, njoo usikie. Na Mzee Swalehe alikuwa kwenye uzio, ameupa uwanja mgongo, anatafuta njia ya kuondoka.

Bi Biasha akamwita, kanga ikiwa mkononi, wimbo ukiendelea. "Swalehe. Kaka. Njoo usimame niliposimama."

Mzee aligoma kwanza. Halafu akaja. Mwenyewe aliniambia, na nayaleta maneno yake kama alivyoyasema: "Nilitembea na kelele hatua ishirini za kwanza. Hatua kumi zilizofuata nikasikia kama zinatafutana. Nikafika pale aliposimama dada, zikakutana. Na ile tarumbeta, nikaijua ni ya mwanangu, imetoka mbali kuliko wote na imefika na wenzake. Miye ndiye niliyekuwa nimesimama pabaya miaka mitatu. Dungu langu liko pembeni. Sikuwahi kwenda kusikiliza katikati."

Kikombe hawakupata. Majaji walisema hakuna fungu la okestra inayohitaji barabara. Walipata makofi na soda, na Warda akapata safari ya bure ya bodaboda kurudi uwanjani. Kwenye chombo, wakati wa kurudi, mikoko ilipoonekana, Mzee Swalehe alisogea nyuma walipokaa watoto. Kisha akamuuliza binti yake, kesho kutwa zamu ya shule ni ya nani?

Warda akasema, "Jumatatu ni yangu, baba."

"Basi ulale mapema."

Kikao cha bonde hakikuitishwa tena. Zamu ziko mpaka leo. Kati ya wale kumi na sita wa mwanzo, kumi na wanne walimaliza kidato cha nne. Abdulswamadu, aliyekuwa mpiga ngoma, ni fundi umeme Dodoma. Hadija, wa fidla, ni mwalimu Nyamwage. Warda ni muuguzi Kibiti. Baada yao wamepita watoto zaidi ya themanini. Bi Biasha aliwafundisha wote kupiga chini ya paa pia, maana alikuwa mtu wa kukubali kosa. Lakini alikuwa akisema wimbo wa ndani ni wa kuazima, wa bondeni ndio wa kwao.

Alitutoka Jumanne alasiri, nyumbani kwa mdogo wake, Kibiti mjini. Alikuwa ameugua wiki tatu. Warda alikuwa pale, amemshika mkono. Maziko yakapangwa Mbuchi, Jumatano baada ya adhuhuri.

Warda akachukua simu. Wa kwanza kumpigia alikuwa Abdulswamadu, Dodoma. Akafuata Bashiru, mwenzao aliye Tanga. Kisha wa Mtwara. Kisha wa Dar es Salaam, watatu. Kisha Nyamwage. Kisha Ikwiriri. Alivyokuwa anapiga, anasogea karibu, karibu, mpaka wakabaki wa Mbuchi yenyewe. Wa mwisho kabisa alikuwa Mwalimu Nasibu, ambaye dirisha lake linatazamana na mlango wa marehemu kule Mbuchi. Mwalimu alikuja amenuna, msiba au si msiba. "Mtu wa Dodoma ameshafika stesheni, miye wa hapa ndio naambiwa sasa?" Watani wakamrukia, wakasema mwalimu amekuwa fidla, angoje kanga ishuke.

Nilimuuliza Warda kama alikusudia. Akasema hapana. "Vidole vyenyewe, kaka Haidari. Sikufikiri. Nilianzia mbali, kama tulivyozoea."

Siku ya Jumatano hapakupigwa ngoma wala tarumbeta. Msiba una adabu zake. Watu walikaa kimya, wanawake ndani, wanaume uani, na mashua ziliingia na maji kujaa, moja nyuma ya nyingine. Mzee Swalehe, nywele nyeupe sasa, alisimama katikati ya ua, anawaangalia wanaoingia. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kabla jeneza halijainuliwa aligeuka akamwambia Mwalimu Nasibu.

"Kumi na sita. Wamefika pamoja."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bi Mwanawetu, kwa ukoo wa Mketo, kwa Warda na wenzake, na kwa watu wote wa Mbuchi, sisi wa hapa studio tunawapa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Biasha, na Ismaily wake ampokee akiwa na fidla iliyokazwa vizuri. Na sisi tuliobaki tujiulize, kila mtu na nafsi yake: yule mtoto unayemwona ni mkorofi, anayechelewa, asiyekwenda na wenzake, umesimama wapi unapomtazama?

Nasema hivyo kwa kuwa nami nimo. Ile rekodi ya mwanzo niliichukua wiki mbili zilizopita, bondeni Mbuchi, msimu huu wa ndege. Nilisimama ukingoni na mashine yangu, nisiloweshe viatu. Nikawahurumia watoto kimoyomoyo, bibi yao amekufa na muziki umewafia. Mtu mmoja akaniita kutoka dungu la katikati. Alikuwa Mzee Swalehe, amekaa pale alipokuwa anakaa Bi Biasha, na mwanzi mkononi. Dungu la mwisho, kule mikokoni, alikuwa mjukuu wake na tarumbeta.

Akaniambia, "Mwandishi, vua viatu. Uje usimame hapa."

Nilivivua. Fundi mitambo, weka ile ya pili. Sikilizeni, kanga inapanda, na aliye mbali ameshaanza.